Nilionja red wine ya Mfaransa maarufu kule Amu, pua yangu ikaninyima uhamisho

Wakuu, marahaba. Shikamoo zenu mtazileta mkimaliza kusoma.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi. Huwa napita tu humu, nasoma siasa zenu, nahuzunika, nazima simu. Lakini juzi nimeona kijana mmoja kaweka picha ya red wine ya yule mtengeneza mvinyo mkubwa wa Ufaransa. Jina silitaji, wale wana mawakili. Kanunua ile ya chini kabisa, entry level, halafu kaandika aya nzima kwamba anasikia moshi, anasikia ngozi, anasikia mbao za kale.

Wachangiaji wote wakamfuata. Kila mtu anasikia moshi.

Nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuangalia kama nimepatwa na jambo.

Sasa kaeni niwaambie. Mimi entry level ya nyumba hiyo hiyo niliionja kabla baba zenu hawajaota meno. Nitakayosema ni kweli tupu, na shahidi ninaye. Mama watoto yuko hapa kando yangu anachambua mchele, na mimi huandika huku nikisoma kwa sauti. Nikiongeza chumvi atakohoa.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado una harufu ya rangi mpya.

Mimi ni mtu wa Maragoli, mtoto wa kanisa, nilikuwa na cheti changu na suruali moja nzuri. Serikali ikaniajiri karani. Nikaomba Kisumu, nikasema hata Nakuru si vibaya. Wakanipangia Amu, yaani Lamu kwenu nyinyi wa ramani.

Siku hizi mnakwenda Lamu kupiga picha na punda. Wakati ule ukipangiwa huko wenzako wa ofisi walikuja kukupa pole. Barabara ya bara ilikuwa na shifta, majambazi wa bunduki, meli ilikuja ilipotaka, na sisi watu wa bara tuliotumwa huko tulikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alijua mwenzake kala nini.

Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu Loise, huyu huyu wa mchele, nilimwacha nyumbani kwa mama yangu. Nilirudi likizo mara moja, na nilipoondoka akawa na mimba.

Loise na mama hawakuiva chungu kimoja. (Hapa hajakohoa. Ametikisa kichwa kwa nguvu.) Nilimwahidi kwamba mtoto akizaliwa nitakuwa nimeshahamishiwa karibu na nyumbani, hatakuwa peke yake na mama mkwe. Nilimwahidi mlangoni, mkono wangu juu ya Biblia ya baba. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, uhamisho.

Na uhamisho ulitegemea neno la mtu mmoja.

Huyo alikuwa mkuu wa ofisi yetu, ofisi ambayo sitaitaja. Sisi tulimwita Bwana Mkubwa. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, ila yeye alikuwa amepelekwa Uingereza kozi. Kozi yenyewe ilikuwa fupi, lakini alirudi na koti la sufu, na akalivaa Amu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu na yeye anaongea kuhusu baridi ya London.

Siku moja Mfaransa mmoja alifika na mashua yake ya tanga, imepasuka ubavuni. Bwana Mkubwa akaniagiza nimpeleke Matondoni kwa mafundi wa majahazi, nikakae nao kama mkalimani. Mfaransa alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, na changu pia hakikuwa cha kujivunia, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Mafundi wakamtengenezea mashua. Alipokuwa akiondoka akanipa chupa ya red wine nimpelekee Bwana Mkubwa kama shukrani. Akanieleza kwa maneno na kwa vidole. Nyumba hii ni kubwa sana, akasema, inajulikana dunia nzima. Lakini chupa hii ni ile yao ndogo, ya kila siku, ya mtu anayeanza. Kisha akaigonga na kucha. "Kunywa sasa. Haraka. Usiweke."

Nikafikisha ujumbe kama ulivyo, bila kuacha hata kidole kimoja.

Bwana Mkubwa akaangalia lebo, akanitazama kwa huruma. "Karani, mvinyo wa jina hili haunywewi haraka. Unawekwa. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyopanda."

Akauweka dirishani ofisini.

Dirisha lenyewe linatazama bahari, upande wa mashariki. Kuanzia jua linapotoka mpaka karibu saa sita chupa ile ilikuwa inaota jua, na Amu nzima inapita nje kwenda na kurudi gatini inaiona. Ilikaa hapo kaskazi yote, joto la kupasua nazi. Kila Jumatatu Bwana Mkubwa aliifuta vumbi mwenyewe. Sisi wengine hatukuruhusiwa kuigusa tusije tukaiamsha.

Kabla sijaendelea, naona kuna mdau kishaandika "weka picha mzee". Picha ya miaka ile, kijana? Subiri nimpigie Mfaransa.

Tuendelee.

Mwezi wa Loise ukawa unakaribia. Nikaingia kwa Bwana Mkubwa, nikasimama vizuri, nikamwomba neno lake. Akajiegemeza kwenye kiti. Akasema ananielewa, yeye pia ana familia. Jumamosi anaifungua chupa nyumbani kwake, anawaalika watu wa hadhi, na mimi nitakuwepo kuhudumu na kuonja. "Tukimaliza, tutaongea hilo jambo lako kwa moyo mzuri."

Shida ikawa moja. Bwana Mkubwa alikuwa na koti la London, lakini vikombe vyake vilikuwa vya bati. Akaniambia nitafute bilauri za kioo, za heshima.

Nikaenda kwa mwenye nyumba wangu.

Bi Mwanaesha alikuwa mjane wa ukoo wa zamani pale mjini, mwenye nyumba ya mawe yenye ghorofa. Mimi nilipanga chumba cha juu. Masharti yake yalikuwa mawili: nisilete ulevi nyumbani mwake, na nisipite ukumbini bila kubisha. Nilifuata yote mawili, na yeye akanilisha kama mwanawe. Bilauri zake zilikaa kwenye vidaka vya ukutani, za tangu harusi yake, na sijawahi kuona mtu akizinywea.

Nikamwambia Bwana Mkubwa ana wageni wa kunywa kinywaji na hana vyombo.

Hakuniuliza kinywaji gani. Aliniuliza, "Wageni wenyewe ni watu wa maana?"

"Wanajiona hivyo, Bi."

Akacheka, akanijibu kwa Kiamu chao, njoo ikiwa ndoo na macho yakiwa mato. "Ndoo Yumamosi baada ya adhuhuri. Zombo hazitoki nyumbani mwangu hivihivi. Mui huu una mato."

Jumamosi nilipokwenda nilizikuta zimepangwa kwenye sinia, zimepinduliwa midomo chini, zimefunikwa kitambaa cheupe. "Usizifunue mpaka ufike," akaniambia. Nikabeba sinia kichwani kwenye vichochoro, nikipishana na punda, nikiomba Mungu.

Wageni walikuwa wawili. Inspekta wa polisi, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Na Hedimasta, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Wote watu wa bara.

Kizibuo hakikuwepo. Bwana Mkubwa alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila kufungua chupa. Inspekta akaagiza skrubu na koleo. Kizibo kikakatika, nusu ikatoka na nusu ikazama ndani, tukamaliza kwa chujio la chai. Bwana Mkubwa akatuhakikishia kwamba huko Uingereza nako huchuja. (Mama watoto amekohoa. Haya, hilo la Uingereza nimeongeza. Chujio ni kweli.)

Nikafunua bilauri, nikamimina.

Rangi ilikuwa ya chai iliyolala. Nikajua kwamba Mfaransa yule, popote alipo, ameshikwa na kizunguzungu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Bwana Mkubwa aliinua bilauri, akaizungusha, akaingiza pua. Akafumba macho.

"Moshi," akasema.

Inspekta akaingiza pua. "Kweli kuna moshi."

"Mapipa yao ni ya mwaloni," akasema Bwana Mkubwa. "Huyachoma ndani. Nyumba ndogondogo haziwezi kazi hiyo."

Hedimasta naye akanusa, akasema anasikia kanisa la kale, la mawe, huko Ulaya. Hedimasta hakuwa amevuka Mombasa.

Wakanywa. Niliwatazama nyuso. Inspekta jicho moja lilifunga lenyewe. Hedimasta akameza kwa awamu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu ladha, walirudi haraka kwenye harufu kama watu wanaokimbia mvua.

Kwetu Maragoli busaa, pombe yetu ya nafaka, ikichacha mtu anasema imechacha, na aliyeipika anaomba radhi, mambo yanaisha. Hawa walikuwa wasomi.

Kisha Bwana Mkubwa akanigeukia. "Karani. Onja. Tuambie unasikia nini."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilitunga sentensi ya kumsifu, ndefu, yenye Kiingereza ndani. Uhamisho wangu ulikuwa umekaa kwenye sentensi hiyo. Nikainua bilauri, nikaingiza pua, na nikajikuta nipo kwenye ngazi za nyumba ninayolala.

Ilikuwa ile harufu ninayopishana nayo kila Alhamisi jioni, Bi Mwanaesha anapozungusha chetezo vyumbani. Mama yule alikuwa ameweka makaa, akatia udi, tena si udi wa kila siku, akapindua kila bilauri juu ya moshi na kuifunika isipumue. Kwao chombo cha mgeni wa heshima hufukizwa, hata kama ni cha maji tu. Wakubwa watatu wa serikali walikuwa wamesimama hapo wakisifia nyumba ya mjane wa Amu na kuiita Ufaransa.

Sentensi yangu ikapotea yote. Neno likanitoka lenyewe.

"Nasikia udi, Bwana."

Inspekta akaacha kucheka. Mimi nikaona treni ya Kisumu ikiondoka bila mimi, na Loise amesimama mlangoni kwa mama.

Bwana Mkubwa akanusa tena. Polepole. Akaweka bilauri chini, akanishika bega.

"Udi," akasema. "Exactly. Ndilo neno nililokuwa nikilitafuta mchana kutwa."

Hedimasta akasema yeye pia alikuwa karibu kusema udi. Inspekta akasema udi upo, alidhani ni siri ya watengenezaji.

Bwana Mkubwa akawageukia wenzake akiwa na fahari ya baba ambaye mtoto wake kafaulu. "Mnaona? Huyu ni kijana wa kawaida tu, lakini ana pua. Mkubwa wa mkoa anakuja baada ya masika. Mtu kama huyu nitamwachiaje Kisumu?"

Kisha akaniambia uhamisho utasubiri. Alisema kwa upendo kabisa. Kwa moyo mzuri, kama alivyoahidi.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwake kabla hajavua koti. Nikamweleza yote. Nikamwambia bilauri ni za Bi Mwanaesha, zilifukizwa, moshi ni wa chetezo, na mimi sina pua yoyote, ninalala tu juu ya nyumba inayofukizwa. Nikamwomba aniachie niende kwa mke wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona usoni mwake kwamba ameelewa.

Lakini ilibidi achague. Ama mimi nina pua, ama yeye hana.

Akachagua kwamba mimi ninayo. "Unyenyekevu ni kitu kizuri, Karani," akasema. "Lakini usizidishe." Akanipa faili la kupeleka masijala.

Nilirudi na sinia kwa Bi Mwanaesha, bilauri nimezisugua kwa majivu na sabuni. Alikuwa ukumbini. Hakunyoosha mkono kuzipokea.

"Wamenywa ile ya dirishani," akasema.

Sikumdanganya. "Ndiyo, Bi. Ulijua?"

"Mui mzima wayua. Hata punda wa Kipungani wakipita waiona. Wewe wadhani nalifukiza kwa mapenzi yao? Nalisema, wakiwa hawana budi, zombo zangu zisinuke ulevi." Akanitazama. "Nawe umekunywa?"

"Nilionja, Bi."

"Ikawaye?"

"Siki."

Bi Mwanaesha alicheka mpaka akashika ukuta. "Siki hata mie ninayo, mwanangu. Ya embe. Ungenambia ningekupa."

Kisha akaacha kucheka, akasema bilauri zile hazirudi tena kwenye vidaka vyake. Zikae kwangu, ninywee maji. Nikamweleza habari ya uhamisho. Akaniuliza mke wangu anaitwa nani.

Mtoto alizaliwa masika. Nikapata telegramu: msichana, wote wazima. Niliisomea pale dirishani, na chupa tupu bado imesimama, Bwana Mkubwa kaiacha iendelee kuheshimiwa.

Hapa sitatia mzaha, wakuu. Niliumia. Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikasimama nikitazama ukuta. Nilikuwa nimeahidi mbele ya Biblia, na kilichonizuia haikuwa vita wala ugonjwa. Ilikuwa watu watatu wazima walioogopa kusema kwamba kitu kimechacha.

Na huyo mkubwa wa mkoa, mkitaka kujua, hakuja. Alipata safari nyingine.

Loise hakusubiri uhamisho. (Anacheka sasa.) Miezi michache baadaye alichoka na mama, akafunga mtoto mgongoni, akapanda treni mpaka Mombasa, akapanda meli, akaja Amu bila kumwuliza mtu yeyote mwenye koti.

Nilikimbia gatini. Bi Mwanaesha alikuwa ameshafika kabla yangu, ndani ya buibui lake, na mtoto ameshachukuliwa. Nikanyoosha mikono.

"Bado," akaniambia. "Mwana hapewi mtu na vumbi la ndia." Akaondoka naye, na Loise nyuma yake, wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana wakiongea kama waliolelewa pamoja, mmoja kwa Kiamu na mwingine kwa Kimaragoli cha kuchanganya.

Nikasubiri kwenye ngazi. Nikasikia maji, nikasikia mtoto akilia, kisha akanyamaza.

Bi Mwanaesha akatokea, akaniwekea binti yangu mikononi. Alikuwa ameogeshwa, na nguo zake zote zimepitishwa kwenye chetezo. Nikaingiza pua shingoni mwake, pale chini ya sikio.

"Unasikia nini?" Loise akaniuliza. Hakuwa anajua lolote kuhusu ile Jumamosi.

Nikamwambia nasikia udi. Nikalia hapo hapo kwenye ngazi, na Bi Mwanaesha akajifanya anatafuta kitu ukumbini.

Tulikaa Amu miaka mingi kuliko nilivyotaka. Mtoto wetu wa pili alizaliwa chumba kile cha juu. Uhamisho ulikuja mwishowe, siku ambayo Loise alikuwa hautaki tena.

Bilauri moja bado ninayo. Ninanywea dawa zangu za presha.

Sasa, kijana wa moshi na ngozi, sikukatazi. Pesa ni zako, pua ni yako. Lakini kabla hujaandika aya nyingine, nenda jikoni ukaulize nani kaandaa glasi. Na kitu kikiwa kimechacha mbele ya wakubwa, sema kimechacha. Kuna mtu mahali fulani anasubiri wewe ufungue mdomo ili aende nyumbani.

Wenye visa vyao vya mabosi na vinywaji vya majina, uwanja huo hapo chini. Wataalamu wa mvinyo nanyi njooni mnisahihishe, nina muda mwingi na macho mabovu. Shikamoo zenu sasa naweza kuzipokea.

Mama watoto ameacha kuchambua mchele. Tangu pale gatini hajakohoa.